Mita Kumi na Mbili

Ukitaka kuwajua watu wa Zeeland, mkoa wa baharini huku Uholanzi, usiwatazame kanisani. Watazame wakichagua hoteli.

Jumapili ile ya Novemba Mama Leuntje, mama yake Krijn, alikuwa anatimiza miaka sabini. Tulikaa sebuleni kwake Zierikzee, viti vimepangwa duara kama ilivyo ada kwenye siku za kuzaliwa, kila mtu na kisahani chake mapajani, mvua inapiga dirisha kwa ubavu. Nilishazoea. Miezi kumi na minne ya kupendwa na Krijn ilikuwa imenifundisha mengi, ikiwemo kula bolus, ule mkate wao wa mdalasini unaonata, bila kujilamba vidole mbele ya wakwe.

Niseme mapema kwamba mimi Mirte si mtu wa kulialia. Nafundisha watu kuendesha gari. Kutwa nzima nakaa kando ya watu wanaoogopa barabara, na ndani ya gari mwoga mmoja anatosha. Krijn mwenyewe nilimpata humo humo. Alikuja kujifunza kuvuta tela la boti, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, fundi wa injini za boti za kome kule Bruinisse, mabega kama mlango wa ghala na macho ya kijivu yanayokutazama bila haraka, kana kwamba yana siku nzima. Kurudi nyuma na tela alijua kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Kusonga mbele ndiko kulikomshinda, mpaka umsukume. Nikamsukuma, na sikujuta hata siku moja.

Yaani, hadi Jumapili ile.

Familia ilikuwa imeamua kumpeleka mama yao Bonaire, kisiwa cha Karibiani, mwezi Februari, wakati wa likizo fupi ya shule, wakapige mbizi kwenye maji ya joto. Msinicheke, ndiyo, bibi wa miaka sabini. Mama Leuntje alikuwa amezamia kwenye ziwa la Grevelingen miaka hamsini, kiangazi na baridi, mtungi wa hewa mgongoni, na huko ndiko alikokutana na marehemu mumewe. Mtu hazamii peke yake. Kila mmoja ana mwenzake wa mbizi, anayemkagua mikanda na hewa kabla ya kuingia na asiyemwacha huko chini. Mwenzake alikuwa mumewe. Mzee alipofariki, miaka mitano iliyopita, nafasi hiyo aliichukua Krijn.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: hoteli ipi? Na Jaan, dada yake Krijn, ambaye hanunui hata viazi bila kuviwekea alama, alikuwa amechora jedwali.

"Mezani kuna hoteli mbili," alisema Jaan huku akigawa karatasi. "Ya kwanza, Boka Azul. Ni ya wapiga mbizi hasa. Boti inaondoka alfajiri, maji marefu, watu watulivu, hawapokei mtoto wa chini ya miaka kumi na minne. Ya pili, Kas di Lamar. Hiyo ni ya familia. Bwawa la watoto, shule ya mbizi ya watoto, matumbawe yanaanzia pale pale ufukweni. Kila mtu alishanitumia alama zake tangu Septemba. Leo tunajumlisha, tunaamua, mama anakata keki ya pili."

"Na ya tatu je?" aliuliza Mjomba Marinus, kaka yake Mama Leuntje, mdomo umejaa. "Ile ya kubaki nyumbani?"

"Wewe mjomba huendi, huna kura."

"Sina kura, nina keki. Nimetosheka."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Karatasi zilipita duara zima. Mama akapata, Krijn akapata, Wouter mume wa Jaan akapata. Mimi ziliniruka. Nilijisogeza tu kwa Wouter, mtu mpole anayependa jibini kuliko maneno, nikaisoma ya kwake kwa pembeni.

Pembeni kulikuwa na safu ya faida na safu ya vikwazo. Kwenye vikwazo Jaan alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: mbu. Upepo. Mtoto.

Mtoto. Huyo alikuwa Pleun, binti yangu. Miaka tisa, meno mawili ya mbele yamepishana, anaogelea kama amezaliwa na samaki. Wikiendi hiyo alikuwa kwa baba yake kule Assen. Nilimshukuru Mungu kwamba hakuwepo kujiona pamoja na mbu na upepo.

Hilo ningelimeza. Jaan ndivyo alivyo, ana ulimi wa kalamu nyekundu. Lakini macho yangu yalishuka hadi kwenye alama, nikaona jina la Krijn. Boka Azul: tisa. Kas di Lamar: nne.

Nikainua macho, naye alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili wa duara. Akajua nimeona. Uso ukamwiva kuanzia shingoni, akaangalia kikombe chake kana kwamba majibu yako chini ya kahawa.

"Samahanini," nikasema nikisimama. "Naenda kuangalia kama koti langu limekauka."

Alinifuata ukumbini, mahali makoti yote yanapotundikwa yakinuka mvua. Akaufunga mlango wa sebule taratibu.

"Mirte, nisikilize."

"Nakusikiliza. Nikusikilize kwa tisa au kwa nne?"

"Zile alama nilizitoa Septemba. Jaan alinisumbua kwa simu kila siku, nikajaza haraka haraka."

"Septemba nilikuwepo, Krijn. Septemba ulikuwa unalala kwangu Goes na kumsuka Pleun nywele asubuhi. Vibaya, lakini ulimsuka."

"Nilifikiri..." Akapitisha mkono kichwani. "Nilifikiri Februari niende na mama, halafu kiangazi tuondoke sisi watatu, tukapige hema milimani Ardennes. Kila mtu apate chake. Asikose mtu."

"Umenipangia zamu."

"Sikusema hivyo."

"Umefanya hivyo. Februari mwana wa mama, Julai mpenzi wa Mirte. Na mimi mwenyewe nilikuwa naambiwa lini? Uwanja wa ndege?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Wakati mzuri haupatikani, bwana, unafanywa. Miezi kumi na minne sijakuomba pete, sijakuomba nyumba. Leo nakuomba kitu kimoja tu. Usinigawe. Mimi na mwanangu ni wazima, hatukatwi vipande kama keki ya mama yako."

Alinyoosha mkono akanishika kiganja, na nitasema ukweli, mkono ule wenye harufu ya sabuni na dizeli ulinifanya nitake kulia kwa mara ya kwanza mwaka ule. Nilimpenda. Nilimpenda kiasi kwamba nilikuwa na hasira hadi kwenye magoti.

"Nakupenda, Mirte. Unajua."

"Najua. Ila mimi najua tukiwa ukumbini, kati ya makoti. Sijui kama wale kwenye duara wanajua."

Nikautoa mkono wangu. Nilikuwa nimeshalitungua koti wakati mlango wa jikoni ulipofunguliwa na sauti ya Mama Leuntje ikatoka, kavu kama kawaida yake.

"Krijn, nenda kakae. Mirte, njoo unisaidie kahawa."

Yule mama haombi, anatangaza. Krijn akarudi sebuleni, mimi nikaingia jikoni na koti langu mkononi, nimejiandaa kwa vita. Maana nilidhani najua linalokuja. Siku ya kwanza nilipoletwa alinitazama toka juu hadi chini akasema, "Kwa hiyo wewe ni wa Drenthe. Huko kuna viazi tu, hakuna bahari." Na mara moja, nikiwa kwenye ngazi, nilimsikia akimwambia Jaan kwamba mwanamke asiyejua maji hawezi kumwelewa mwanaume wa maji.

Aliizima mashine ya kahawa, ikanyamaza.

"Unaondoka?"

"Naondoka, Mama Leuntje. Siondoki kwa kununa. Heri ya siku ya kuzaliwa, na mkawe na safari njema huko Boka Azul."

"Kwa nini unadhani itakuwa Boka Azul?"

"Nimeona alama. Krijn tisa. Jaan tisa. Wewe kumi."

"Una macho."

"Ndiyo kazi yangu, kuona kitu kabla hakijagongwa."

Alicheka kidogo kwa pua. Kisha akachukua vikombe viwili kutoka kabatini, na ndipo niliposikia vikigongana mkononi mwake. Akaviweka haraka. Mwanamke mwingine ningemwacha na siri yake. Lakini miaka kumi na tano ya kufundisha udereva imenipa tabia moja mbaya. Mtu akiweka mguu kwenye pedali mbili kwa wakati mmoja, siwezi kunyamaza.

"Mama Leuntje," nikasema. "Watoto wako wamekuuliza alama za upepo, za chakula, za mitungi. Kuna aliyekuuliza unataka nini?"

Akanipa mgongo, akaanza kuvipangusa vikombe.

"Mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari wa wapiga mbizi," alisema bila kugeuka. "Kila mwaka anatupima. Safari hii alinisikiliza moyo mara tatu. Akasema, bibi, Grevelingen basi. Maji ya baridi basi. Maji ya joto ruhusa, lakini usizidi mita kumi na mbili. Hata moja."

Nilijua ameshuka mita arobaini katika ujana wake. Alikuwa akisimulia kila Krismasi.

"Nani anajua?"

"Daktari. Na sasa wewe."

"Lakini Boka Azul wanazamia mita thelathini, Mama Leuntje! Umetoa kumi! Ungefanyaje huko?"

"Ningesema siku ya kwanza nina mafua. Ya pili sikio. Ningekaa kwenye boti, niwaangalie wakishuka." Akageuka. Macho yake, ya kijivu vile vile kama ya mwanawe, yalikuwa makavu, lakini kidevu kilimcheza. "Nikichagua ile ya watoto, Krijn ataniuliza kwa nini. Nikimwambia, hataniruhusu kuzamia tena hata kwenye beseni. Ni mwenzangu, Mirte. Baba yao alipokufa nilidhani sitaingia tena majini, na mtoto yule akaja Jumamosi moja na mitungi miwili, hakusema neno, akanikagua mikanda. Siwezi kumfanya aniangalie kama mgonjwa. Halafu ukaja wewe, na binti. Nikasema basi, huyu ndiye atakayemchukua kabisa. Atajenga majumba ya mchanga, na mimi nitabaki na nani?"

Hilo ndilo lililokuwa chini ya dharau zote zile za viazi. Hofu tu. Nilitamani kumkumbatia lakini nikajizuia, maana yule mama kukumbatiwa hakumpendezi.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Jaan atalia. Krijn atanifungia ndani. Wewe si damu yangu. Ukilia, utalilia kwako."

Tukatazamana, na wote wawili tukacheka, cheko la ghafla, la wanawake wawili waliokamatana kwenye uongo.

"Usiwaambie," akasema.

"Sitawaambia."

"Ungewaambia ungeshinda. Wangeichagua Kas di Lamar leo leo, na mtoto wako angekwenda."

"Najua." Na nilijua kweli. Sentensi moja tu, na Pleun angetoka kwenye safu ya mbu. Niliionja mdomoni. "Lakini siri yako si tiketi yangu, mama. Nataka mwanangu apelekwe kwa kupendwa, asipelekwe kwa sababu wewe unaumwa. Ila nitakuomba. Waambie mwenyewe. Wanaokupenda wana haki ya kujua kina chako."

Akachukua birika, akanipa mimi sinia la vikombe, na koti langu akalinyakua na kulitundika nyuma ya mlango wa jikoni.

"Hivi ni vizito," alisema. "Nisaidie kwanza, ndipo uondoke."

Tuliporudi sebuleni Jaan alikuwa na kikokotoo mkononi.

"Haya! Nimejumlisha. Boka Azul inaongoza kwa mbali. Kuna mwenye neno kabla sijapiga simu? Huko Bonaire saa hizi ni asubuhi, mapokezi wako wazi."

Nikaweka sinia mezani. Nikamtazama Mama Leuntje. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, mikono imebana birika kama mtu anayeota moto. Basi, nikajisemea, liwalo na liwe. Nimelifanya langu.

"Mimi nina neno," alisema Krijn.

Alisimama. Katika familia ile watu hawasimami kwenye duara isipokuwa wanakwenda chooni au wanaaga, kwa hiyo wote tulimtazama. Alikuwa na karatasi yake mkononi na kalamu ya Jaan. Akaichora tisa msalaba mmoja mkubwa.

"Naifuta."

"Huwezi kufuta, Krijn," akasema Jaan. "Tulikubaliana alama zinafungwa Oktoba."

"Nimezifungua. Jaan, umemwandika Pleun kwenye vikwazo."

"Ni jedwali tu! Sikumaanisha vibaya. Hoteli ile haipokei watoto, sasa niandike wapi, kwenye faida?"

"Ndiyo. Kwenye faida." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini haikurudi nyuma. "Kosa si lako, ni langu. Mimi ndiye niliyenyamaza. Nilitoa tisa kwa sababu nilitaka kila mtu aridhike na mimi nisiseme lolote. Sasa nasema. Nampenda Mirte. Nampenda Pleun. Mahali wasipopokewa wao, mimi siendi."

"Jamani!" Jaan akamgeukia Wouter. "Amelishwa nini huyu?"

"Bolus mbili," Wouter akasema. "Nimehesabu."

"Na mama je?" Jaan alikuwa amesimama pia. "Siku yake ya kuzaliwa! Anataka Boka Azul, ametoa kumi! Atazamia na nani wewe ukibaki ufukweni na ndoo na koleo?"

Krijn akameza mate. Akapiga hatua mbili hadi mbele ya mama yake, akachuchumaa, mtu mkubwa vile, magoti yakalia.

"Mama," akasema. "Ukitaka maji marefu, Jaan atakuwa mwenzako. Ana cheti, ni makini kuliko mimi. Itaniuma. Itaniuma sana. Lakini siwezi kuwa mwenzako chini ya maji halafu juu ya maji niwe mwongo kwa mwanamke ninayempenda."

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu daktari. Hakujua kwamba alichokuwa anakikataa hakikuwepo tena. Alidhani anamvunja moyo mama yake siku yake ya sabini, mbele ya watu, na akafanya hivyo kwa ajili yangu. Mapenzi ni kikohozi, wanasema, hayafichiki, na pale yalikohoa kwa nguvu hadi Mjomba Marinus akaweka keki chini.

Mama Leuntje alimtazama mwanawe muda mrefu. Kisha akanitazama mimi juu ya kichwa chake.

"Hukumwambia?" aliniuliza.

"Hapana."

"Hata kwa jicho?"

"Mama, nilikuwa na wewe jikoni muda wote."

Akavuta pumzi, kama vile wanavyovuta kabla ya kushuka. Na akawaambia. Daktari, moyo uliosikilizwa mara tatu, mita kumi na mbili. Aliyasema yote kwa sauti ile ile kavu, kama anasoma utabiri wa hali ya hewa. Jaan alilia, kama ilivyotabiriwa. Krijn hakulia. Aliishika miguu ya mama yake kwa mikono yote miwili na kuinamisha kichwa.

"Utanifungia ndani," alisema Mama Leuntje.

"Sikufungii," Krijn alisema, sauti imezama. "Nitakuhesabia mita."

"Sasa basi." Akajipangusa pua kwa kitambaa cha keki. "Mirte, binti yako anatimiza kumi lini?"

"Tarehe sita Januari."

"Kuanzia miaka kumi mtoto anaruhusiwa kusomea mbizi. Akimaliza mafunzo anapewa cheti cha watoto. Unajua wanamruhusu kushuka hadi wapi?"

Sikujua. Mimi ni mtu wa viazi. Lakini Krijn, anayefundisha mbizi kwenye klabu yao, aliinua kichwa ghafla, nikaona uso wake ukibadilika.

"Mita kumi na mbili," akasema.

"Mita kumi na mbili," mama yake akarudia. "Hata moja zaidi hawaruhusu. Na lazima awe na mkubwa wa kumwangalia. Nimekaa mwezi mzima nikidhani hakuna mpiga mbizi duniani anayeishia pale ninapoishia mimi." Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane aliomba badala ya kutangaza. "Naweza kumwomba?"

"Muombe mwenyewe," nikasema. "Sichagulii mtu mwenzake."

Nikapiga simu Assen. Pleun alipokea huku akitafuna kitu, baba yake akisikika nyuma anaosha vyombo. Nikaweka sauti wazi na kuiweka simu mapajani kwa Mama Leuntje, ambaye aliishika kwa mikono miwili kama yai.

"Pleun, ni Leuntje hapa. Mama yake Krijn."

"Hongera, Bi Leuntje! Umefikisha mia?"

"Sabini tu, mtoto wewe. Sikiliza. Mwezi wa pili nakwenda kupiga mbizi mbali, kwenye bahari ya joto. Kuna kasa na samaki wa manjano. Nahitaji mwenzangu wa kuzamia, na watu wazima hawa wote wananizidi kwa kushuka. Ungekubali kujifunza, uwe mwenzangu?"

Kutafuna kukasimama.

"Mimi? Na wewe?"

"Wewe na mimi."

"Tunashuka mpaka wapi?"

"Kama nyumba mbili zikipandana."

"Unaogopa?"

Jaan aliziba mdomo kwa kiganja. Hakuna mtu katika familia ile aliyewahi kumuuliza Mama Leuntje swali hilo. Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mwaka huu, ndiyo," akasema. "Kidogo."

"Basi nitakushika mkono," alisema Pleun bila kufikiri mara mbili. "Mimi sichoki kushika. Lakini mama hajui kuzamia, msimwache peke yake ufukweni, atawafundisha watu wa hoteli kuegesha magari."

Hapo hata Jaan alicheka katikati ya machozi, akachukua karatasi zake zote nne, akazikunja pamoja, akamkabidhi Wouter azipeleke kwenye pipa la karatasi.

"Bi Leuntje?" ile sauti ndogo ikasema tena. "Na Krijn, anakuja? Au ni sisi wanawake tu?"

Mama Leuntje alifungua mdomo kujibu. Kisha akaufunga, akanigeukia. Jaan akanigeukia. Wouter, pale mlangoni na karatasi zake. Mjomba Marinus. Duara zima la watu wa Zeeland lilikuwa linanisubiri mimi, mtu wa Drenthe, nitoe kura.

Krijn bado alikuwa amechuchumaa pale sakafuni. Alinitazama tu kwa macho yale, na safari hii hayakuwa na siku nzima. Yalikuwa na dakika moja tu, na aliiweka yote mikononi mwangu.

Nilimwacha asubiri. Nilimimina kahawa. Nikatia maziwa, nikakoroga, nikanywa funda moja, la pili. Ilikuwa imepoa. Tisa ile ilikuwa imeniuma, na nilitaka ajue ilivyouma, asije akasahau.

Kisha nikaiinamia simu.

"Anakuja, mwanangu," nikasema. "Huyu ni wetu."